Akiba ya pakeji: ni nini, na lini uifute

Kwenye simu maneno "Futa akiba" tumeyazoea. Kwenye kompyuta ya Linux, akiba ya pakeji ni kitu mahsusi zaidi. Unapoweka au kusasisha programu kwenye Ubuntu, Debian au Linux Mint, mfumo hushusha kwanza faili iliyobanwa, yaani pakeji, yenye jina linaloishia kwa .deb, ukaiweka katika folda ya `/var/cache/apt/archives`. Kisha huifungua na kuvitawanya vilivyomo kila kimoja mahali pake: programu yenyewe `/usr/bin`, picha na maelezo yake `/usr/share`. Baada ya hapo ile faili iliyobanwa haina kazi, lakini mara nyingi hubaki palepale. Rundo la mabaki hayo ndilo akiba ya pakeji.

Kwa hivyo kuifuta hakuondoi programu hata moja. LibreOffice itafunguka kama kawaida, na hati zako hazitaguswa. Unachopoteza ni kimoja tu: ukitaka kuiweka upya pakeji ileile, itabidi uishushe tena.

Watu husema akiba haiozi. Hii huoza. Toleo jipya la kivinjari likitoka, lile la zamani lililolala kwenye folda halitaitwa tena na mtu, ila nafasi linaendelea kula.

Kabla ya kufuta, fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, na upime. `df -h /` itakuonyesha diski imejaa kiasi gani, na `sudo du -sh /var/cache/apt/archives` itakuonyesha akiba peke yake. Weka sudo, neno linaloendesha amri kwa mamlaka ya msimamizi, kwani ndani kuna folda ndogo ya `partial` ambayo mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuifungua. Kwenye mashine iliyosasishwa muda mrefu bila kusafishwa, kukuta GB 2 au 3 si ajabu, na kwenye laptopu ya mtumba yenye SSD ya GB 128 hiyo si nafasi ya kudharau. Ukikuta MB chache, tafuta mwizi kwingine.

Amri za kusafisha ni mbili. `sudo apt-get clean` hufagia kila kitu. `sudo apt-get autoclean` huchagua: hufuta tu pakeji ambazo hazipatikani tena kwenye seva, yaani zile zilizooza, na kuziacha ambazo bado zina manufaa. Watu wengi hushangaa kukuta folda karibu tupu kabla hawajafanya lolote. Sababu ni kwamba tangu toleo la 1.2 la mwaka 2016, amri fupi ya `apt` hujifutia faili za .deb ikishamaliza kuziweka. Ile ndefu, `apt-get`, bado inaziacha.

Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa anayenunua intaneti kwa bando. Kebo za baharini za TEAMS na SEACOM zimetua hapahapa Mombasa tangu 2009, lakini mwenye saiba Kisauni au Likoni bado anahesabu MB zake. Akiwa na mashine sita za Ubuntu, kuzisasisha moja moja ni kushusha mzigo uleule mara sita. Hapo akiba ni mali, si taka. Sasisha mashine ya kwanza kwa `sudo apt-get update` na `sudo apt-get upgrade`. Nakili faili za .deb kwenye flashi, uziweke katika folda hiyohiyo ya mashine ya pili kwa `sudo cp`, kisha endesha amri zilezile mbili. Orodha za pakeji zitashushwa, lakini pakeji zenyewe mfumo utazikuta zipo, utazihakiki na kuzitumia. Sharti mashine zote ziwe na toleo moja la Ubuntu na aina moja ya prosesa, na kazi yote ifanyike siku moja. Ukichelewa wiki, matoleo yatakuwa yamebadilika na bando litaliwa upya. Usibadilishe majina ya faili, hata ukiona alama za ajabu kama %3a. Mfumo hutafuta kwa jina hilohilo. Mashine ya sita ikimaliza, sasa `clean` kote.

Umeme au bando likikatika katikati ya kushusha, kipande kilichokwisha kuingia kimo ndani ya `partial`, na kwa kawaida mfumo huendelea pale ulipoishia. Anayekimbilia `clean` wakati huo anatupa alichokilipia.

Kosa baya zaidi ni kufuta kwa mkono. `/var/cache` na `/var/lib` ni majirani, na mtu mwenye haraka akitumia rm, amri ya kufuta faili, anaweza kuingia `/var/lib/dpkg`. Hiyo si akiba. Ni daftari la kila pakeji iliyowekwa, na likipotea mfumo haujui tena una nini. Tumia amri, uache rm. Na ukiambiwa kuna kufuli kwa sababu programu nyingine inasasisha, subiri dakika chache. Usilifute faili la kufuli.

Diski ikijaa kabisa, skrini ya kuingilia inaweza kukurudisha palepale kila unapoandika nenosiri. Bonyeza Ctrl+Alt+F3, uingie kwa maandishi, kisha `sudo apt-get clean`. Hilo huwezekana kwa sababu ext4, mfumo wa kupanga faili kwenye diski, kwa kawaida hutenga asilimia 5 ya diski kwa ajili ya root, yaani msimamizi mkuu, hata pale `df` inaposema 100%.

Kwenye Fedora, Linux ya aina nyingine, kazi ya `apt` hufanywa na `dnf`, nayo haihifadhi pakeji baada ya kazi isipokuwa umeiagiza, kwa hivyo `sudo dnf clean packages` mara nyingi haikupi kitu. Arch, Linux nyingine tena, ni kinyume chake: `pacman`, amri yake ya pakeji, haifuti chochote yenyewe. Huko tumia `paccache -r`, inayobakiza matoleo matatu ya mwisho ya kila pakeji. Usiyafute yote, maana sasisho likiharibu kitu, toleo la zamani lililomo akibani ndilo njia ya haraka ya kurudi nyuma.

Na kama kilichojaa ni `/boot`, sehemu ya kuwashia mfumo, iliyotengwa peke yake kwenye diski, `clean` haitakusaidia hata kidogo. Mle zinakaa kerneli (viini vya mfumo) za zamani, na dawa yake ni `sudo apt-get autoremove --purge`. Soma orodha inayotokea kabla ya kukubali: ukiona ndani yake jina la programu unayoitumia, jibu hapana.