Uchumi haukufunguliwa na Mzee Ruksa peke yake

Wengi huamini soko huria Tanzania lililetwa na Mwinyi, Mzee Ruksa. Kumbe mlango ulianza kufunguliwa 1984, Nyerere akiwa bado Ikulu: mwenye fedha zake za kigeni aliruhusiwa kuagiza bidhaa, na hakuulizwa sana alikozipata. (Kuuliza kungeumbua wengi; magendo yalikuwa yameshamiri.) Sabuni na khanga, vitu vya kupangia foleni, vikaanza kuonekana tena madukani.

Mwinyi alikubaliana na IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, kuhusu mageuzi ya uchumi 1986. Benki binafsi zilisubiri sheria ya 1991, na tume ya kurekebisha mashirika ya umma ikaja baadaye kidogo. Yaani Tanzania ilifungua hatua kwa hatua; Poland, nayo ikiacha uchumi wa kijamaa, ndiyo iliyokurupuka: bei nyingi ziliachiwa kwa mpigo, 1 Januari 1990.