Mteja Anaandika "Kitanda 5 kwa 6", Tovuti Yako Inasema Nini?

Mzee mmoja, fundi samani wa Keko, alifika kwenye dawati letu la ushauri hapa chuoni akiwa na simu mkononi. "Mwalimu," akasema, "tovuti nimelipia, kijana kaitengeneza, inapendeza kweli. Nikiandika jina la kampuni yangu Google naiona. Ila simu haiiti."

Nikamjibu, "Mzee wangu, mtu wa Tegeta halijui jina la kampuni yako. Yeye kitanda kimemvunjikia jana usiku. Akishika simu anaandika nini?" Akafikiri kidogo, akaandika taratibu kwa kidole kimoja: *bei ya kitanda 5 kwa 6 mninga Dar*. Tukashuka ukurasa wa kwanza, wa pili, hadi wa tatu. Hayumo.

Tulipofungua tovuti yenyewe, sababu ilikuwa wazi. Juu kabisa kulikuwa na Kiingereza cha sherehe kuhusu ubora na ubunifu. Neno "kitanda" halikuwepo hata mara moja. Bei zote, aina za mbao na vipimo vilikuwa ndani ya bango, lile lile analotuma Wasap, limepandishwa kama picha moja. Jicho la binadamu linalisoma vizuri. Google inajitahidi kuelewa picha, lakini inachokitegemea zaidi ni maandishi yaliyoandikwa kwenye ukurasa. Unaweza kujipima sasa hivi: fungua tovuti yako kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl na F, andika jina la bidhaa yako kuu. Ikikujibu sifuri wakati unaiona kwa macho, bidhaa hiyo imefungiwa ndani ya picha.

Kabla sijaendelea, niondoe dhana moja ninayokutana nayo kila wiki: kwamba wanaotokea juu wamelipa. Wapo waliolipa, na matokeo yao huwekewa alama kwamba ni tangazo. Yaliyobaki ni ya bure, na Google haipokei pesa ili kupandisha tovuti kwenye matokeo hayo. Kinachofanyika ni kwamba roboti yake, Googlebot, inazunguka mtandaoni ikifuata viungo kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Inachokisoma inakihifadhi kwenye faharasa, yaani orodha yake kubwa ya kurasa na yaliyomo. Mtu akiuliza, jibu linatolewa kwenye faharasa hiyo, likipangwa kwa kadiri linavyolingana na swali. Larry Page na Sergey Brin, walioanzisha kampuni hiyo mwaka 1998, walileta wazo la kuhesabu kiungo kutoka tovuti nyingine kama aina ya kura. Leo vigezo ni vingi zaidi, lakini mpangilio wa kazi ni huo huo: kutambaa, kuhifadhi, kujibu. Ukikwama hatua ya kwanza, hayo mengine hayakuhusu.

Kwa hiyo anza hapo. Kwenye Google andika site: na anwani yako bila kuacha nafasi, kwa mfano site:jinalako.co.tz. Orodha itakayokuja si hesabu kamili, lakini ikija tupu, una tatizo la msingi. Na hapa nikiri kwamba sisi wenyewe tuliumbuka. Ukurasa wa kozi zetu fupi ulikaa karibu miezi miwili bila kuonekana Google, tukaulaumu mtandao, tukamlaumu kila mtu. Kumbe aliyeujenga alikuwa ametia tiki kwenye kile kisanduku cha mipangilio ya WordPress, programu tuliyojengea tovuti, kinachoziomba injini za kutafuta zisiiorodheshe tovuti. Ni jambo la kawaida wakati tovuti bado inajengwa. Alichosahau ni kuiondoa ile tiki siku ya uzinduzi. Na sisi ndio tunaofundisha watu!

Tatizo kama hilo tungeligundua siku ya pili kama tungekuwa na tabia ya kufungua Search Console. Ni chombo cha Google, cha bure. Ukishathibitisha kuwa tovuti ni yako, kinakueleza kurasa zipi zimo kwenye faharasa, zipi hazimo na kwa nini. Unaweza pia kuwasilisha ramani ya tovuti, yaani faili lenye orodha ya kurasa zako. Faili moja linabeba hadi anwani 50,000. Mzee wetu ana kurasa tisa, zote zimeunganishwa vizuri, kwa hiyo ramani nilimwambia asiumize nayo kichwa.

Sasa tuje kwenye maneno, kwa sababu hapa ndipo biashara nyingi za Dar zinapopotea. Mwenye tovuti huandika jinsi anavyotaka kuonekana. Mteja huandika jinsi anavyoongea. Tovuti inasema "samani za kisasa", mteja anaandika "fenicha" au "makochi". Kliniki inaandika "huduma ya kinywa na meno", mtu anayeugulia usiku anaandika "kung'oa jino bei gani". Sikwambii utupe Kiswahili sanifu, nakwambia ukisindikize na lugha ya mteja. "Samani za sebuleni: makochi, meza za kahawa na makabati" ni sentensi isiyomwaibisha mtu yeyote, na inabeba maneno ya pande zote mbili.

Kila bidhaa kubwa ipewe ukurasa wake na kichwa chake. Kurasa zote tisa za Mzee zilikuwa na kichwa kimoja, "Nyumbani". Hicho ndicho Google huwa inakichukua na kukiweka kama mstari wa kubofya kwenye matokeo. Hebu jiweke kwenye nafasi ya mteja: kati ya "Nyumbani" na "Vitanda vya mninga 5 kwa 6 na 6 kwa 6, Keko Dar es Salaam", utabofya kipi? Chini ya kichwa eleza kile ambacho mteja angekuuliza akiwa amesimama karakana kwako: mbao ni mninga au mkongo, imekaushwa, kitachukua siku ngapi, usafiri hadi Mbagala ni juu ya nani, bei inaanzia wapi. Bei wengi wanaificha, wakitaka mteja apige simu kwanza. Mimi nadhani wanakosea. Anayetafuta bei akiikosa kwako anarudi nyuma na kufungua tovuti inayofuata.

Kuna wanaodhani dawa ni kurudia neno mara hamsini, au kulificha kwa maandishi meupe juu ya rangi nyeupe. Huo ni ujanja wa zamani na siku hizi unakugharimu, maana sera za Google zinauhesabu kama utapeli. Hata ile orodha ya maneno muhimu inayojazwa ndani ya msimbo wa ukurasa, Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiitumii kupanga matokeo. Bado nawaona mafundi wa tovuti wakitoza pesa kwa kuijaza.

Kwa biashara ya mtaani kuna kitu ambacho mara nyingine kinazaa kuliko tovuti yenyewe, nacho ni wasifu wa biashara kwenye Google, ule unaotokea pamoja na ramani. Ni bure. Google yenyewe inaeleza kwamba matokeo ya eneo hupangwa kwa mambo matatu: unavyolingana na kinachotafutwa, umbali, na unavyofahamika. Umbali huwezi kuubadili, ila unaweza kuhakikisha alama yako kwenye ramani imekaa palepale ulipo. Ya Mzee ilikuwa imeangukia ng'ambo ya barabara, kwenye gereji ya mtu, na kwa mitaa yetu ambayo tunaelekezana kwa "ukifika kwenye mwembe uliza", kosa hilo linatosha kumrudisha mteja na bodaboda yake. Weka saa za kufungua zilizo za kweli, namba ya simu inayopatikana, na picha za karakana, si picha ulizookota mtandaoni. Waombe wateja walioridhika waandike maoni, nawe uwajibu, hata wale waliolalamika. Maoni ya kununua usiyaguse.

Kuhusu kasi sitakaa sana. Google siku hizi inasoma tovuti kama inavyoonekana kwenye simu, na wateja wako nao wako kwenye simu, wanahesabu bando. Kipimo chake ni kwamba kipande kikubwa kuliko vyote kwenye ukurasa, kama picha kuu, kionekane ndani ya sekunde 2.5. Picha uliyopiga kwa simu na kuipandisha bila kuipunguza ndiyo inayokula muda. Ipunguze, kisha iandikie maelezo mafupi: "kitanda cha mninga 6 kwa 6 chenye droo" badala ya IMG na namba zake.

Viungo kutoka tovuti nyingine vinasaidia vikija kwa haki, kama msambazaji wako wa mbao au chama chenu cha mafundi kikikutaja kwenye tovuti yake. Vya kununua kwa mafungu viache. Tangu 2012, Google ilipotoa maboresho yaliyoitwa Penguin, wengi walioegemea mbinu hiyo walishuka ghafla.

Na akija mtu na kukuahidi namba moja ndani ya wiki mbili, mpe maji anywe aende zake. Google imeandika wazi kwamba hakuna awezaye kuhakikisha nafasi ya kwanza, na kwamba kazi hii kwa kawaida huchukua miezi minne hadi mwaka ndipo uone faida. Ukimpata mtaalamu wa kweli, bado hakikisha anwani ya tovuti imesajiliwa kwa jina lako na si lake. Nimeona watu wakigombana na fundi, kesho yake tovuti haipo.

Mzee alirudi baada ya wiki kadhaa. Ukurasa wa vitanda ulikuwa umeandikwa upya, kwa maneno yake mwenyewe, mwanawe akichapa. Tukafungua Search Console, sehemu inayoonyesha watu waliandika nini hadi tovuti yake ikatokea. "Kitanda 5 kwa 6" lilikuwepo, lakini juu yake kulikuwa na neno ambalo hakuna kati yetu aliyelifikiria: "chaga za kitanda".

"Chaga?" akacheka. "Hizo nakata kutoka kwenye mabaki, zimelundikana pale nje." Akampigia mwanawe papo hapo amwambie azipige picha kabla mvua haijanyesha, kisha akanigeukia: bei aandike kwa moja moja, au kwa seti ya kitanda kizima?