Kusafisha meno ya mbwa na paka bila nusukaputi

Maana yake ni kukwangua ugaga kwenye meno ya mnyama aliye macho, huku ameshikwa au amezungushiwa taulo. Ugaga ni utando laini wa bakteria uliogandishwa na madini ya mate. Utando usiposwakiwa huanza kuwa gamba ndani ya siku mbili tatu, na hapo mswaki hauuwezi tena.

Mnyama hurudi na meno meupe, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Ugaga unaoonekana ni doa tu. Unaoharibu mfupa umejificha chini ya ufizi. Mbwa mzima ana meno 42, paka 30, na kila jino lina upande wa ndani unaogusana na ulimi. Daktari hupitisha kijiti cha chuma chenye alama za milimita kati ya ufizi na jino, akilizunguka lote. Kikizama zaidi ya milimita 3 kwa mbwa, au zaidi ya 1 kwa paka, kuna ugonjwa. Hebu mfikirie paka aliye macho akichomekwa chuma hicho kwenye ufizi unaouma! Eksirei nayo hudai mdomo uliotulia kabisa, na bila eksirei jino linaloliwa kuanzia mzizini huachwa vilevile, likiuma.

Kukwangua pia huacha mikwaruzo midogo kwenye jino. Usipofuata ung'arishaji, utando mpya hupata pa kushikia.

Nusukaputi yenyewe ina hatari zake, kwa hiyo ina masharti. Mnyama hupimwa mwili na damu kwanza, hasa figo na ini, na hufungishwa chakula kwa muda atakaoelekeza daktari. Akishalala huingizwa mrija kwenye njia ya hewa, wenye kiputo kinachojazwa ili maji ya mashine ya kukwangulia na vipande vya ugaga visishuke mapafuni. Aliye macho hana kinga hiyo. Mtu mwingine, si yule anayekwangua, hufuatilia mapigo ya moyo, oksijeni, shinikizo la damu na joto. Wanyama wadogo hupoa haraka.

Marekani, mwongozo wa meno wa AAHA, chama cha hospitali za wanyama, unataka nusukaputi pamoja na mrija huo, na chuo cha madaktari wa meno ya wanyama, AVDC, kinapinga ukwanguaji wa mnyama aliye macho. California huhesabu ukwanguaji kuwa kazi ya tiba ya mifugo. Asiye daktari anaruhusiwa mswaki, pamba, shashi, uzi na dawa ya meno.

Ukitangaziwa huduma hii, uliza: nani atapima mifuko ya ufizi, yaani nafasi kati ya ufizi na jino, na eksirei zitapigwa lini? Nyumbani, swaki kila siku kwa dawa ya meno ya wanyama. Ya binadamu haifai, maana mnyama hatemi. Huimeza, na nyingine zina zailitoli, kitamu mbadala cha sukari ambacho ni sumu kwa mbwa.