Hatua za ukuaji wa mtoto: maana yake, na lini uanze kuuliza

Hatua za ukuaji ni yale mambo ambayo watoto wengi huweza kuyafanya wanapofika umri fulani: kukaza shingo, kumchekea mtu, kukaa bila kushikwa, kusimama dede, kuita mama. Si suala la kilo. Mtoto anaweza kunenepa vizuri, mstari wake kwenye kadi ya kliniki ukapanda bila kuyumba, kumbe hasikii. Mizani haiwezi kulijua hilo, na foleni ya kliniki ikiwa ndefu huenda asitokee wa kuliuliza.

Kinachowachanganya wazazi ni kudhani kila hatua ina tarehe yake. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya njema katika nchi tano, Oman na Ghana zikiwemo, na mwaka 2006 likatoa matokeo kama vipindi. Kukaa bila kushikwa: kuanzia karibu miezi 4 hadi 9. Kutembea peke yake: kuanzia miezi 8 hadi 17 na nusu. Ndiyo, miezi 8 na miezi 17, na wote wazima. Asilimia 4 hivi ya watoto hao hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti. Wengine husota kwa makalio, wengine husimama moja kwa moja. Kwa hiyo mtoto wa jirani kutembea mapema hakukuambii lolote kuhusu wako. Cha kuangalia ni ukingo wa mwisho wa kipindi.

Tanzania na Kenya ukingo huo ni rahisi kuukumbuka, kwa sababu chanjo za surua hutolewa miezi 9 na miezi 18. Ukimpeleka kwa ile ya kwanza, awe anakaa mwenyewe na kutoa sauti za ba-ba-ba, da-da-da. Ukirudi kwa ya pili, awe anatembea, ana maneno machache, na anakuonyesha kwa kidole kitu kilichomvutia. Kabla ya hapo kuna chanjo za wiki 6, 10 na 14: ni wakati wa kutazama kama anakufuata kwa macho, anakuchekea, na shingo inaanza kukaza. Kwa mtoto njiti, hesabu kuanzia siku aliyotarajiwa kuzaliwa. Aliyewahi kwa wiki 8, akiwa na miezi 6 mtazame kama wa miezi 4, na uendelee hivyo mpaka afikishe miaka 2.

Kuchelewa ni jambo moja. Zipo dalili nyingine zinazotaka macho ya karibu zaidi. Mpe mtoto wa miezi 8 kijiko, mara kwa mara, kila upande. Kama kila akipewa anapokea kwa mkono wa kulia huku wa kushoto umekunja ngumi, bibi atasema huyu mkono wake ni wa kulia, basi. Lakini kwa kawaida kabla ya mwaka mmoja mtoto hutumia mikono yote miwili, na upande unaoachwa unaweza kuwa dhaifu. Hiyo ni mojawapo ya dalili za mapema za mtindio wa ubongo. Nyingine ni mwili kulegea mno ukimnyanyua, au miguu kukakamaa na kupishana kama mkasi ukimbadilisha nepi.

Kwenye kuongea tunapoteza muda mwingi. "Wa kiume huchelewa," "baba yake naye alikuwa hivyo," kisha anatafutwa mtu wa kumkata kiuzi cha chini ya ulimi. Ulimi uliofungwa haumzuii mtoto kuelewa anachoambiwa. Akifika miaka 2 bila kuunganisha maneno mawili, kama "mama njoo", anza na masikio: aombewe kipimo cha kusikia. Na nyumba yenye lugha mbili si sababu ya kuchelewa; maneno matatu ya Kisukuma na manne ya Kiswahili ni maneno saba.

Yapo yasiyosubiri tarehe ya kliniki. Mtoto aliyekuwa akikaa na sasa hawezi, au alikuwa na maneno na yamepotea, apelekwe hospitali katika umri wowote. Vivyo hivyo kichwa kinachokua haraka huku utosi umevimba na macho yanatazama chini, au weupe ndani ya mboni, ambao mara nyingi huonekana kwanza kwenye picha ya simu iliyopigwa kwa flashi.

Halafu kuna neno ambalo Tanzania humpata kila mama wa mtoto aliyechelewa kutembea: amembemenda. Yaani wazazi wamekutana kimwili mapema, au mmoja ametoka nje. Kitabibu lawama hiyo haina msingi. Sababu zinazojulikana ni kama kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, manjano makali ya siku za kwanza, homa ya uti wa mgongo, malaria kali iliyopanda kichwani, na nyingine za kuzaliwa nazo. Ubaya wa lile neno ni kwamba linamfanya mama aone aibu na kumficha mtoto ndani, katika ile miaka ambayo mazoezi ya viungo na ya kuongea yangemsaidia zaidi.

Ukienda, mwambie muuguzi jambo lenyewe: "ana miezi 10 na hakai," badala ya "naona kama hakui vizuri." Ukijibiwa "subiri", uliza usubiri mpaka lini, na tarehe iandikwe kwenye kadi. Mrekodi pia kwa simu akiwa nyumbani, amekula na ana furaha, kwa sababu mbele ya daktari watoto wengi ama hulia ama hulala.