Uhai mwingi, akili adimu: ushahidi wa pweza na silikanti wa Tanga

Swali la kama kuna viumbe wenye akili nje ya Dunia huulizwa zaidi wanaastronomia, nao hulijibu kwa kuhesabu nyota. Mimi ni mtu wa biolojia ya bahari, kazi yangu ni samaki na pweza wa pwani hii ya Tanga, na nasema hesabu ya nyota imeshafika mbali. Sehemu ya swali iliyobaki ni ya biolojia, na baadhi ya ushahidi wake mzito uko kwenye maji yetu wenyewe.

Niweke msimamo wangu mapema. Naamini uhai upo kwingine, tena huenda ni mwingi. Ila akili inayoweza kurusha mawimbi ya redio tukayapokea, hiyo naiona ni adimu mno, kiasi kwamba kwa wakati huu huenda hakuna mwingine katika galaksi yetu nzima.

Hapa Tanga mazungumzo ya namna hii hayaishi barazani bila majini kutajwa. Hayo nawaachia masheikh. Nazungumzia viumbe wa mwili, wanaokula, wanaozaana na kufa, waliotokana na kemia ya sayari yao.

Mwaka 1961 mwanaastronomia Mmarekani Frank Drake aliligawa swali hili katika vipengele saba: nyota ngapi huzaliwa kila mwaka katika galaksi, ngapi kati yake zina sayari, sayari ngapi zinafaa kwa uhai, ngapi kati ya hizo uhai huanza kweli, ngapi uhai hufikia akili, ngapi akili hiyo hutoa ishara, na ustaarabu wa namna hiyo hudumu miaka mingapi. Wakati ule haikujulikana hata sayari moja ya nyota nyingine. Mwaka 1995 Michel Mayor na Didier Queloz wakatangaza sayari inayozunguka 51 Pegasi, nyota inayofanana na Jua letu. Ikaja darubini ya Kepler, iliyofanya kazi angani kuanzia 2009 hadi 2018, na leo sayari zilizothibitishwa zimepita 6,000. Tunajua sasa kwamba nyota nyingi zina sayari, na galaksi yetu ina nyota zisizopungua bilioni 100. Viwanja vya kujengea vipo tele.

Vipengele vinne vya mwisho ndivyo vigumu, kwa sababu mfano tulio nao ni mmoja tu: Dunia. Basi tuusome vizuri.

Dunia ina umri wa miaka bilioni 4.5. Miamba ya Australia Magharibi ina alama za vijidudu vilivyoishi miaka bilioni 3.5 iliyopita. Kwa hiyo uhai haukuchelewa kuanza, na hapo ndipo ninapopata imani kwamba hata kwingine huweza kuanza. Lakini tazama kilichofuata. Kwa zaidi ya miaka bilioni moja hapakuwa na kitu kingine ila vijidudu. Kisha kijidudu kimoja kikampokea bakteria ndani yake, bakteria yule asimeng'enywe, akabaki humo akizalisha nishati. Kizazi chake tunacho hadi leo ndani ya seli zetu, tunakiita mitokondria. Kila mnyama, kila mti, kila uyoga na kila mwani wa baharini wenye seli za aina hii unatokana na tukio lile. Na kwa ushahidi tulio nao, ndoa ile iliyozaa seli changamano ilifanikiwa mara moja tu. Bakteria wamejaa kila mahali, wanazaliana kwa dakika, wamekuwa na mabilioni ya miaka ya kujaribu, na bado ni mara moja. Mtu wa nyota anaweza kulipita jambo hili haraka. Mimi siwezi, kwa sababu bila seli ile hakuna mnyama, na bila mnyama hakuna akili ya kuzungumzia.

Sasa tuje kwetu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 wavuvi wa Tanga wanaotega jarife la papa kwenye maji marefu wamekuwa wakimkuta silikanti, samaki ambaye hadi 1938 wanasayansi walidhani ametoweka zamani pamoja na dinosaria. Mwaka huo alionekana mmoja Afrika Kusini, akavuliwa na meli ya uvuvi, na Marjorie Courtenay-Latimer, mtunza makumbusho wa mji wa East London, ndiye aliyetambua kuwa si samaki wa kawaida. Sisi tukaanzisha Hifadhi ya Bahari ya Silikanti mwaka 2009, kuanzia mdomo wa mto Pangani kwenda kaskazini hadi kupita jiji la Tanga.

Ukoo wa silikanti una miaka takriban milioni 400. Si kweli kwamba hakubadilika kabisa, kama watu wanavyopenda kusema. Jenomu yake, yaani seti nzima ya jeni zake, ilisomwa ikachapishwa mwaka 2013, ikaonyesha kwamba jeni zake zinabadilika, ila polepole. Kinachonigusa zaidi ni kichwa chake. Kwa samaki mkubwa, ubongo hujaza kama asilimia 1.5 tu ya nafasi iliyomo ndani ya fuvu. Sehemu kubwa iliyobaki ni mafuta. Jamaa zake wa mbali walipanda nchi kavu, wakawa vyura, mijusi, ndege, na hatimaye sisi. Yeye alibaki majini, leo akiishi kwenye mapango ya kina kirefu na ubongo wake mdogo, na ukoo wake ukaendelea kudumu hata baada ya kimondo kilichomaliza dinosaria miaka milioni 66 iliyopita.

Ninachokisoma kwake ni kwamba mageuko ya viumbe hayana safari ya kuelekea kwenye akili. Kiumbe hupata kinachomfaa pale alipo. Ubongo ni kiungo cha gharama: ubongo wa binadamu ni karibu asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hula kama asilimia 20 ya nishati ya mwili ukiwa umepumzika. Asiyeuhitaji habebi mzigo huo. Watu wanaosema "ipe sayari muda wa kutosha, akili itatokea tu" wangekuja kwanza kumtazama silikanti.

Haki lakini ni kumleta na shahidi wa upande wa pili, naye ni pweza. Wakati wa bamvua, maji yakipwa, akina mama wa vijiji vya pwani hutembea mwambani na vijiti wakichokoa mashimo, na yeyote kati yao atakwambia pweza ana akili. Huziba mlango wake kwa mawe. Hubadilisha rangi na ngozi mbele ya macho yako. Kule Indonesia, mwaka 2009 iliripotiwa pweza wanaobeba vifuu vya nazi na kuvikutanisha kuwa nyumba ya kujificha. Ana seli za neva zipatazo milioni 500, nyingi zikiwa kwenye mikono yake. Na babu wa pamoja kati yake na sisi aliishi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, mnyama mdogo kama mnyoo asiye na ubongo wa kutajwa. Maana yake akili imejengwa Duniani zaidi ya mara moja, kwa njia mbili zisizohusiana. Hiki ndicho kinachonizuia kusema kwamba haiwezekani kwingine.

Lakini pweza wetu huishi mwaka mmoja au zaidi kidogo. Jike hutaga, hulinda mayai bila kula, na yakianguliwa hufa. Hakuna mtoto wa pweza aliyefundishwa na mama yake kitu chochote. Kila mmoja huanza upya, na alichokigundua hufa nacho. Juu ya hayo yuko majini, ambako moto hauwaki. Na pasipo moto hakuna chuma kinachoyeyushwa, wala waya, wala redio.

Hata kwa wanaofundishana, njia ni ndefu. Mwaka 1960, Drake alipoelekeza darubini ya redio ya Green Bank, Marekani, kwa nyota mbili, Tau Ceti na Epsilon Eridani, kutafuta ishara za viumbe wenye akili, ndio mwaka ule ule Jane Goodall alipofika Gombe, Kigoma, akaona sokwe akitumia unyasi kuvulia mchwa kichuguuni. Sokwe hujifunza kwa mama zao, wana mikono, wanaishi nchi kavu. Mababu zetu waliotembea Laetoli waliacha nyayo miaka milioni 3.6 iliyopita, na redio ina zaidi kidogo ya karne moja. (Picha ya Goodall na sokwe imo kwenye sahani ya dhahabu ya vyombo vya Voyager vilivyorushwa 1977, pamoja na salamu kwa lugha 55. Kiganda, Kinyanja, Kisotho na Kiila vimo. Kiswahili hakimo, na bado kinaniuma.)

Ukimya tuliousikia hadi sasa usichukuliwe kuwa jibu. Mwaka 2018 watafiti wa chuo kikuu cha Pennsylvania State walipiga hesabu wakaona kwamba tukilinganisha yote yanayotakiwa kupekuliwa na bahari zote za Dunia, tumeshachota maji ya bwawa dogo la kuogelea. Kwa hiyo utafutaji uendelee, na nafurahi kwamba antena 64 za darubini ya redio ya MeerKAT, Afrika Kusini, nazo zinatumika katika kazi hiyo.

Ninachokisubiri mimi kiko karibu zaidi. Europa, mwezi wa Mshtarii, unaaminika kuwa na bahari ya chumvi chini ya barafu ya kilometa nyingi, na chombo cha Europa Clipper kilichoondoka Oktoba 2024 kitafika huko 2030. Enceladus, mwezi wa Zohali, hurusha maji yake angani, na ndani yake zimegunduliwa haidrojeni na fosfeti, vitu ambavyo uhai unaweza kuvitumia. Inawezekana bahari kama hizo zikawa nyingi kuliko sayari zenye anga kama yetu. Kama ziko na viumbe werevu kama pweza, wako chini ya dari ya barafu, hawajawahi kuona nyota wala hawana namna ya kutuma ishara. Darubini ya redio haitawapata.

Clipper inapima kama mazingira yanafaa. Kupata viumbe kutahitaji vyombo vya baadaye. Vikikuta bakteria walioanza wenyewe huko, sitabadilisha msimamo. Vikikuta seli changamano, zilizounganika kama zetu zilivyounganika, basi ile hatua niliyodhani hufanikiwa mara moja itakuwa imefanikiwa mara mbili kwenye mfumo mmoja wa Jua, na makadirio yangu yote ya galaksi itabidi niyapandishe.