Mapenzi, tabaka na kiburi kwa wanamuziki wa India Kusini: dhana potofu na ukweli

Dhana: Muziki wa Karnatiki, yaani muziki wa jadi wa India Kusini, ni mali ya Wabrahmani (tabaka la juu la makuhani), wengine waliuazima tu.

Watunzi watatu wanaoheshimiwa kuliko wote, Tyagaraja, Dikshitar na Shyama Shastri, walikuwa Wabrahmani kweli. Lakini waliopuliza, kupiga ngoma na kucheza mahekaluni na katika kasri la Thanjavur wengi wao ni wa jamii inayoitwa leo Isai Vellalar. Ndugu wanne wa Thanjavur, waliopanga mfuatano wa dansi ya bharatanatyam unaofuatwa hadi sasa, walitoka jamii hiyo, na Dikshitar mwenyewe aliwafundisha. Elimu ilivuka mpaka mapema. Kilichokwama ni kula sahani moja na kuoana.

Dhana: Mpuliza nadaswaram (zumari kubwa ya hekaluni) na mcheza dansi wakipendana, kinachowatenga ni tabaka.

Mara nyingi walikuwa wa jamii moja, na mgawanyiko ulikuwa humo humo ndani. Kundi la periya melam lilikuwa la wanaume wa nadaswaram na ngoma ya thavil, na urithi wao ulipita kwa baba. Chinna melam lilikuwa kundi la dansi: huko mama ndiye mwenye nyumba, na binti ndiye mrithi. Binti aliyewekwa wakfu kwa mungu wa hekalu hakuolewa na binadamu. Alikuwa na bwana tajiri wa kumtunza, na mapato yake yaliwalisha mama, bibi na wajomba. Akiolewa, kwa kawaida aliacha kucheza, na wote hao walikosa riziki. Mama aliyekataa posa alikuwa anapiga hesabu, si kwamba alikuwa na roho mbaya. Upande wa pili, wengi wa periya melam walijiona safi kuliko jamaa zao wa dansi. Sheria ya Madras ya mwaka 1947 ilipiga marufuku kuwaweka mabinti wakfu, lakini fedheha iliendelea kuwaandama hata wale walioishi kwa sanaa yao tu.

Dhana: Mbrahmani hakupuliza nadaswaram kwa sababu mate ni najisi.

Maelezo haya yamerudiwa mno, na hayasimami. Filimbi nayo huguswa na midomo, na Sharabha Sastri, Mbrahmani wa Kumbakonam, alisifika kwa filimbi tangu karne ya 19. Ngozi pia inahesabiwa najisi, ilhali Wabrahmani chungu nzima wanapiga ngoma ya mridangam: mzinga wa mti wa mfenesi, na juu yake ngozi za mbuzi, ng'ombe na nyati. Mafundi wanaozichagua, kuzikwangua na kuzikaza ngozi hizo wengi ni Wadalit (watu wa chini kabisa, waliotengwa na mfumo wa matabaka), na jina lao halitajwi jukwaani.

Dhana: Kiburi cha wapuliza nadaswaram ni tabia mbaya tu.

Mpulizaji maarufu T. N. Rajarathnam Pillai (1898–1956) alikuwa na maringo, hilo halibishaniwi. Ila desturi ilimtaka mpulizaji asimame kifua wazi, au atembee na msafara wa hekalu kwa saa nyingi, wakati mwimbaji ameketi jukwaani. Yeye alidai kuketi jukwaani kama waimbaji, na akavaa koti. Kazi yenyewe nayo si lelemama. Nadaswaram, jamaa mkubwa wa nzumari ya pwani yetu, ina matundu 7 ya vidole. Mengine 5 ya chini huzibwa kwa nta ili kurekebisha sauti. Nusu-sauti hazina tundu lake: hutoka kwa pumzi, midomo na kufungua tundu kidogo kidogo. Kinywa chake cha matete kikiwa kigumu, sauti hupanda; kikilegea, hushuka. Ndiyo maana vinywa vya akiba huning'inizwa kwenye ala yenyewe.

Dhana: Ndoa ikishafungwa, tabaka limekwisha.

Mwimbaji M. S. Subbulakshmi, aliyezaliwa Madurai mwaka 1916, alikuwa binti wa mpiga vina (ala ya nyuzi) wa jamii ya madevadasi, yaani mabinti waliowekwa wakfu hekaluni. Mwimbaji Mbrahmani G. N. Balasubramaniam aliigiza naye filamu moja iliyotoka mwaka 1940, na barua za mapenzi ambazo Subbulakshmi alimwandikia zimechapishwa katika wasifu wa Subbulakshmi. Mwaka huo huo Subbulakshmi aliolewa na Sadasivam, naye Mbrahmani, mjane mwenye watoto. Tangu hapo umma ulimjua kwa mwonekano na mwenendo wa mke wa Kibrahmani. Aliyehama ni yeye. Mume hakuhamia kokote.

Dhana: Sheria ya India inazuia ndoa za matabaka tofauti.

Haizuii. Sheria ya Ndoa Maalumu ya 1954 inataka mume awe na miaka 21, mke 18, mashahidi 3, na notisi ya siku 30 katika wilaya ambako mmoja wao ameishi angalau siku 30. Tabaka si sababu halali ya pingamizi. Tatizo ni kwamba notisi hubandikwa hadharani, na ndugu wakiisoma wana mwezi mzima wa kumficha binti. Wahindu wa Tamil Nadu, jimbo la kusini, wana njia nyingine iliyofunguliwa na marekebisho ya 1967: kuvishana mashada au pete, au kufunga thali (mkufu wa ndoa), mbele ya jamaa au marafiki, bila kuhani wala notisi. Baada ya hapo ndoa isajiliwe ndani ya siku 90.