Mchoraji "aliyesahaulika": nani kamsahau?

Juzi tena nimetumiwa kwenye grupu picha ya mchoro wa maua, mawaridi na tulipu ndani ya chombo, nyuma giza tupu, kuna na kipepeo pembeni, na chini yake kaandikwa kwamba kazi ya mchoraji mwanamke aliyesahaulika inaingia mnadani Ulaya. Sawa, picha nzuri, sina neno. Ila hilo "aliyesahaulika" nimeshachoka nalo, maana kila mchoro wa maua wa mwanamke ukipelekwa mnadani lazima mwenyewe awe amesahaulika, utadhani ndo jina la ukoo wao.

Maana ya harakaharaka: ni msanii aliyekuwa na jina enzi zake, halafu jina likatoka kwenye vitabu na kwenye kuta za makumbusho, baadaye sana watu wakalirudisha. Basi. Asiyejulikana ni mwingine kabisa, huyo hata jina hatuna, na wanaochanganya hao wawili leo nawaacha wapite.

Kinachonikera mimi ni hiyo -ik-.

Kiswahili kina kusahauliwa na kina kusahaulika. Ukisema kasahauliwa, mtu anaweza kukuuliza "na nani?" na inabidi ujibu. Ukisema kasahaulika hakuna wa kuulizwa, limetokea tu kama mvua. Ni yale ya mtoto anayekuja mikono nyuma anasema mama, kikombe kimevunjika. Kimevunjika! Kilijivunja? Wote tumekulia nyumba zenye vikombe vya namna hiyo na sijaona mama aliyeridhika na hilo jibu. Halafu -ik- hiyohiyo inabeba pia maana ya kuwezekana, njia inapitika, mwandiko unasomeka, kwa hiyo ukimwita mtu msanii anayesahaulika unakaribia kusema ni wa kusahauliwa tu, wakati marehemu zetu tunawachapishia fulana zimeandikwa hutasahaulika.

Na sahau yenyewe ina mambo. Imetoka kwenye Kiarabu, sahw, na waliosoma madrasa wanaijua kwenye sijda ya kusahau, ile unayosujudu mwisho wa sala kwa sababu hukumbuki umeswali rakaa tatu au nne. Sasa pale hujasahau kwamba kuna sala, uko ndani ya sala kabisa, umesimama kwenye mkeka, ila akili imekwenda sokoni. Kusahau moja kwa moja, kitu kikatoka kichwani, Kiarabu kina neno lake jingine, nisyan. Sahw ni kutotilia maanani kitu kilicho mbele yako. Ndo maana ile aya ya Suratul Maun, ya wanaoswali huku wameghafilika na sala zao, neno la Kiarabu pale ni mzizi huohuo na kwa Kiswahili utaikuta imetafsiriwa "wanapuuza". Kwa hiyo kwenye asili yake sahau na puuza ni majirani wa ukuta mmoja, sisi ndo tumeilainisha mpaka imekuwa ajali.

Nikupe wa kwanza, Rachel Ruysch, Mholanzi, 1664 mpaka 1750. Baba yake Frederik alikuwa daktari wa anatomia na mtaalamu wa mimea Amsterdam, nyumba imejaa mimea iliyokaushwa na wadudu, binti kakulia humo. Akafundishwa na mchoraji wa maua Willem van Aelst, mwaka 1701 akaingia chama cha wachoraji cha The Hague, mwanamke wa kwanza, kuanzia 1708 akawa mchoraji wa kasri la mtawala wa Düsseldorf, na humohumo kazaa watoto kumi. Alichora mpaka zaidi ya miaka 80 na kwenye michoro ya uzeeni anaandika na umri wake kabisa, nadhani kwa kujidai, na mimi namruhusu. Alipokufa washairi wakatoa kitabu cha mashairi ya kumsifu. Wanaonunua michoro ya maua ya Kiholanzi hawakuacha kumtafuta. Ila jumba kubwa la makumbusho la Amsterdam, Rijksmuseum, kuweka mwanamke mchoraji kwenye ukumbi wake wa heshima pamoja na akina Rembrandt limefika mwaka 2021, Ruysch na wenzake wawili, tarehe 8 Machi. Sasa niambie, hapo nani alisahau? Michoro ipo, saini ipo, ukuta upo.

Mmoja wa hao wenzake ni Judith Leyster wa Haarlem, yake mbaya zaidi. Huyu alikuwa anaweka saini ya herufi za jina lake na kanyota, kwa sababu Leyster maana yake ni nyota ya kuongoza njia. Baada ya kufa 1660 michoro yake ikawa inauzwa kama ya Frans Hals, mchoraji mwanaume mwenye jina kubwa wa Haarlem hiyohiyo, mpaka mwaka 1893 mtaalamu mmoja, Hofstede de Groot, akaonyesha kwamba mchoro uliouzwa kama Hals, ambao leo uko Louvre, una saini ya kanyota. Na kelele za London, ambako mchoro huo ulikuwa umeuzwa, hazikuwa za kumshangilia, wauza picha walipelekana mahakamani kwa sababu picha ileile, rangi zilezile, imeshuka bei kwa kuwa sio ya Hals. Huyo hakusahaulika wala hakusahauliwa, alinyang'anywa.

Wa maua hasa ni Mary Moser. Chuo cha kifalme cha sanaa London, Royal Academy, kimeanzishwa 1768, waanzilishi wanawake ni wawili tu, yeye na Angelica Kauffman. Miaka michache baadaye mchoraji mwenzao Zoffany akachora wanachama wamekusanyika kwenye darasa la kuchora mwili, na modeli wa kiume yuko uchi, wanawake hawaruhusiwi kuingia, sasa hao wawili atawaweka wapi? Akawatundika ukutani, vichwa viwili ndani ya fremu. Wanachama hao! Malkia Charlotte alimpa Moser chumba kizima cha kuchora maua kwenye nyumba yake ya Frogmore akamlipa zaidi ya pauni 900, kwa hiyo njaa hakulala, lakini baada yao mwanamke mwingine kuchaguliwa mwanachama kamili ni Laura Knight, 1936. Na ndo sababu moja ya maua kuwa mengi kwa wanawake, waridi halivui nguo, na wakubwa wa sanaa walikuwa wakisema maua ni daraja la chini kabisa.

Turudi mnadani, ambako neno limetokea. Mnada asili yake ni kuita, kunadi, na katika kunadi jina ndo bei. Mchoro mmoja, katalogi ikisema ni wa fulani una bei yake, ikisema ni wa mfuasi wa fulani unashuka vibaya. "Aliyesahaulika" imepata kazi hapo katikati, inamnong'oneza mnunuzi kwamba huyu bado hajapanda bei kama wanaume wa enzi zake, wahi. Dalali simlaumu, ndo ugali wake. Sisi tunaorusha posti ndo tunamnadia bure.

Kwa hiyo ndugu yangu wa kwenye grupu, sijakasirika, endelea kutuletea maua. Ukiona imetoka -lika ibadilishe iwe -liwa, halafu umalizie na "na", uone kama utapata cha kuandika mbele yake. Na siku mchoro ukiwa wa Ruysch usihangaike na sifa yoyote, weka Rachel Ruysch, 1664 hadi 1750, inatosha.